Kuku wa Kikaangoni na Mchuzi Mzito, Bila Kidonge

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. Kuku wa jioni apikweje awe na mchuzi mzito wa kuchovya tonge, na bado baba mwenye presha, bibi mwenye kisukari na mtoto anayechagua chakula wale wote kutoka kikaango kimoja? Wanaouliza si wapishi wa hotelini. Ni watu wa Manyamanyama na Bunda mjini, wa Musoma na Butiama, wanaofika nyumbani jua limeshazama. Wana jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, jiko la mkaa la akiba, na saa moja tu kabla watoto hawajaanza kusinzia.

Jibu lipo, tena si la gharama. Ladha ya mchuzi wa kuku haitoki kwenye kidonge cha mchuzi wala kwenye mafuta mengi. Iko chini ya kikaango, kwenye ule ukoko wa kahawia unaobaki nyama ikishakaangwa. Anayejua kuutengeneza na kuubandua ameshamaliza nusu ya kazi.

Ukanda huu ni wa samaki. Sato, sangara na dagaa wa Ziwa Victoria ndiyo mboga ya kila siku, na kuku huingia jikoni kama mgeni: Jumapili, sikukuu, au mkwe anapobisha hodi bila taarifa. Ndiyo maana wapishi wenye mkono mzuri kwa samaki wakati mwingine huharibu kuku. Samaki hataki moto mrefu. Kuku wa kienyeji bila moto mrefu hatafuniki.

Kabla ya yote: ni kuku gani?

Maelekezo mengi yanayosambaa kwenye simu hayasemi ni kuku yupi, na hapo ndipo mambo huharibika. Sokoni kuna wa aina tatu, na kila mmoja ana njia yake.

- Kuku wa nyama (broila). Huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Nyama ni laini, maji ni mengi, ladha ni ndogo. Huyu ndiye wa kikaangoni moja kwa moja.
- Chotara. Ni jamii ya Kuroiler, mbegu iliyotoka India, au Sasso, iliyotoka Ufaransa. Yuko katikati. Akiwa mchanga hupikwa kama broila; akikomaa hufuata njia ya kienyeji.
- Kuku wa kienyeji. Ana ladha kuliko wote na misuli migumu kuliko wote. Jogoo aliyekwisha kuwika miaka miwili hapelekwi kikaangoni akiwa mbichi, hata kama mgeni ameshaketi. Njia yake imeelezwa mbele.

Kwa kuku wa nyama wa kufugwa nyumbani au kwa jirani, swali moja lisiachwe: alipewa dawa lini mara ya mwisho? Dawa za antibayotiki zina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na siku hizo huandikwa kwenye pakiti. Mfugaji makini hujibu bila kukasirika.

Kuosha au kutokuosha

Hapa ubishi ni mkubwa. Mwaka 2014 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza iliendesha kampeni ya kuwataka watu waache kuosha kuku mbichi, kwa sababu maji yanayoruka husambaza bakteria wa Campylobacter kwenye sinki, vyombo na mikono. Msomaji wa Manyamanyama akisikia hivyo hucheka. Kuku aliyechinjwa uani, akanyonyolewa manyoya na kutolewa utumbo, ataachaje kuoshwa?

Wote wana haki, ila hawazungumzii kuku mmoja. Kuku wa kuchinja nyumbani lazima aoshwe, na kazi hiyo ifanyike nje, kwenye beseni lake, mbali na nyanya na sahani. Kuku aliyenunuliwa ameshasafishwa hahitaji kuoshwa upya. Apanguswe tu kwa kitambaa safi au karatasi, kisha kitambaa kikachemshwe. Ndimu inaondoa harufu na kuongeza ladha, lakini haiui bakteria. Kinachoua ni moto.

Katika kunyonyoa, maji yawe ya moto sana lakini yasiwe yanatokota. Yanayotokota huivisha ngozi ikachanika, na kuku aliyechanika ngozi hapati rangi nzuri kikaangoni.

Ubao na kisu vilivyokata kuku mbichi visiguse kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Kosa hili ni la kawaida mno, na matumbo yakivuruga usiku analaumiwa kuku ambaye aliiva vizuri kabisa.

Vitu vya kuandaa, kwa watu sita

- Kuku mmoja wa kilo 1.2 hivi, vipande vinane
- Vitunguu maji vikubwa viwili, vikatwe vyembamba
- Nyanya nne zilizoiva hadi kulegea
- Pilipili hoho moja na karoti mbili
- Punje nne za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vitwangwe pamoja
- Manjano nusu kijiko cha chai, na binzari nyembamba kiasi hicho hicho
- Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti
- Vijiko vitatu vikubwa vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini
- Ndimu moja
- Chumvi kijiko kimoja cha chai, kisichojaa kwa kilima
- Maji kikombe kimoja na nusu
- Mchicha mafungu mawili, au majani ya maboga, au ya kunde

Tazama chumvi na mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumlisha chumvi ya mkate, ya chips na ya kila kitu kingine. Kijiko kimoja kikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja anapata kama gramu moja. Mafuta nayo: kijiko kikubwa kina kilokalori zipatazo 120, kwa hiyo vijiko viwili kwa watu sita ni 40 kwa kila sahani. Mazoea ya kumimina mafuta kwa macho, hasa kutoka kwenye dumu, huweka mara tatu au nne ya hapo bila mpishi kujua. Dawa yake ni kijiko tu.

Kikaango kiwe kipana chenye mfuniko. Cha chuma kizito ni bora kwa sababu kinatunza joto. Kisipokuwepo, sufuria pana yenye kitako kinene inafaa kabisa. Kile kilichopakwa dawa ya kuzuia kuganda kinatumika pia, ila kitaacha ukoko mdogo, na mwiko uwe wa mti.

Hatua kwa hatua

1. Kausha nyama. Pangusa kila kipande mpaka kisiteleze mkononi. Paka nusu ya chumvi, manjano na nusu ya saumu na tangawizi. Acha dakika kumi na tano wakati vitunguu vinakatwa.

2. Pasha kikaango kwanza, mafuta baadaye. Kikaango kikiwa kitupu, nyunyizia tone la maji: likirukaruka na kutoweka, joto limetosha. Weka mafuta, yazungushe.

3. Panga vipande, ngozi chini, na uviache. Visigusane. Sauti iwe ya "shaaa" isiyokatika. Ikinyamaza na kugeuka kuwa ya kutokota, maana yake maji yametoka na nyama inachemka, haikaangwi. Ongeza moto au toa vipande viwili visubiri zamu. Dakika tano au sita bila kugusa. Kipande kilicho tayari hujibandua chenyewe. Kinachong'ang'ania bado hakijaiva upande huo.

4. Geuza, dakika nne, kisha toa vyote. Weka kwenye sahani safi. Ndani bado ni vibichi, na ndivyo inavyotakiwa. Kikaango kikiwa kimejaa mafuta yaliyotoka kwenye ngozi, punguza hadi kibaki kama kijiko kimoja.

5. Vitunguu juu ya ukoko. Punguza moto. Mimina vitunguu maji na vijiko viwili vya maji, kisha kwangua kitako kwa mwiko. Hapa ndipo mchuzi unapozaliwa: ule weusi-wekundu uliogandia unayeyuka na kupanda kwenye vitunguu, navyo vinageuka kutoka vyeupe kuwa rangi ya asali. Usikimbie. Dakika saba au nane.

6. Saumu na tangawizi iliyobaki, binzari nyembamba. Nusu dakika tu. Saumu ikiungua, uchungu wake hauondoki tena.

7. Nyanya, karoti, hoho na chumvi iliyobaki. Funika dakika tano nyanya zilegee, funua, ponda kwa mwiko. Endelea mpaka nyanya ziache maji na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Mchuzi mbichi na mchuzi ulioiva hutofautiana hapa, na ulimi wa mlaji hautadanganywa na viungo.

8. Karanga. Zikoroge kwanza pembeni na maji ya uvuguvugu kutoka kwenye kile kikombe na nusu, mpaka ziwe kama uji mwepesi. Zikimwagwa kavu zitafanya mabonge. Mimina pamoja na maji yote yaliyobaki.

9. Rudisha kuku, na maji yaliyochuruzika kwenye sahani. Mapaja na miguu kwanza. Kidari kisubiri dakika kama nane, maana hukauka upesi. Funika, moto mdogo, dakika 20 hadi 25. Koroga kitako mara kwa mara: karanga hupenda kushika chini.

10. Zima moto, kamua ndimu. Ndimu ikichemka inakuwa kali isiyo na harufu. Ikiingia mwisho inaamsha chumvi kidogo iliyopo, ndiyo maana mgonjwa wa presha hataona pengo.

Kuku ameiva joto la ndani linapofika nyuzi 74 za Selsiasi. Wachache wana kipimajoto cha jikoni, kwa hiyo choma sehemu nene ya paja kwa kisu: maji yatoke meupe, si ya waridi, na kiungo kilegee kikivutwa. Onyo dogo kwa wanaopika broila: mfupa wa kuku mchanga unaweza kubaki mwekundu hata nyama ikiwa imeiva. Tazama nyama.

Pale wengi wanapoharibu

Kikaango kujazwa ndilo kosa la kwanza. Vipande vinane kwenye kikaango cha vipande vitano havikaangiki. Vinatoa maji, maji yanatokota, na mpishi akiona rangi haiji anaongeza mafuta. Mafuta hayajawahi kutatua tatizo la maji. Kaanga kwa awamu mbili.

La pili ni kugeuzageuza. Mkono wa mpishi hauwezi kutulia, hasa akiwa na mwiko.

La tatu ni haraka ya nyanya. Nyanya zikiingia kabla vitunguu havijapata rangi, asidi na maji yake husimamisha kila kitu, na vitunguu hubaki vigumu ndani ya mchuzi mwekundu. Halafu kuna nyanya ya kopo, inayotumika kama rangi. Si dhambi, lakini nyingi zina chumvi, kwa hiyo chumvi ya sufuria ipunguzwe. Msimu ambao nyanya zimejaa sokoni hakuna sababu yoyote ya kuigusa.

Kwenye mkaa, kosa ni kupika hatua zote kwa moto uleule. Jiko la mkaa halina kitufe, lakini lina mlango na lina kibanio: mkaa ulundikwe katikati na mlango uwe wazi wakati wa kukaanga, kisha utawanywe pembeni na mlango ufungwe nusu wakati wa mchuzi. Na lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua inyeshe; moshi usioonekana wa mkaa unaua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Hadi hapo, majiko mawili yataendelea kuishi pamoja katika nyumba nyingi, na pishi hili linapikika kwa yote mawili.

Akiwa wa kienyeji

Hatua ni zilezile, ila zinatanguliwa na sufuria. Vipande vichemshwe na vikombe vinne vya maji, tangawizi na kitunguu kimoja, bila chumvi, kwa moto mdogo na mfuniko. Tetea mchanga hulainika kwa dakika 45 hivi. Jogoo mkongwe anaweza kudai saa moja na nusu au zaidi. Kigezo ni uma kupita, si saa ya ukutani. Kazi hii hufanyika vizuri jana yake usiku.

Supu inayobaki isimwagwe hata tone. Ikipoa, mafuta huelea juu na kuondolewa kwa kijiko. Vipande vikaushwe vizuri, vikaangwe kwa dakika chache kila upande ili vipate rangi na kuacha ukoko, na supu ile ichukue nafasi ya maji katika hatua ya nane. Hapo hata karanga zinaweza kupungua. Mchuzi huu ndio wenyewe, na broila hataufikia hata apewe viungo vya Zanzibar nzima.

Firigisi na maini yaingie dakika kumi za mwisho. Katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa firigisi bado ni ya baba. Makala hii haina nia ya kuanzisha vita.

Karanga zichaguliwe kwa jicho

Pwani, mchuzi mzito wa kuku ni wa nazi, na kuku wa kupaka ni fahari ya Mombasa na Zanzibar. Lakini nazi ya Bunda imesafiri sana, na tui zito lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu. Karanga ziko jirani zaidi na zina protini juu yake. Waganda wamelijua hilo siku nyingi: luwombo, nyama au kuku anayepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, mara nyingi hubeba mchuzi wa karanga, na inasimuliwa kwamba ulianzia kwa mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887.

Hatari ya karanga ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukaanga kunaipunguza tu, hakuimalizi. Kwa hiyo:

- Nunua karanga nzima, si za unga ambazo hujui zilikuwaje kabla ya kusagwa.
- Mwaga kwenye ungo mchana, tupa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa meusi au kijani.
- Onja moja. Ikiwa chungu au ina harufu ya chumba kilichofungwa, usinunue.
- Tunza kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, usage za siku hiyo tu.

Kwa mgeni asiyejulikana, uliza kwanza. Wapo wanaodhurika na karanga vibaya sana. Badala yake weka maziwa ya mgando, ambayo mkoani Mara hayatafutwi mbali: vijiko vinne vya mgando uliopigwa ukalainika, vikiingia moto ukiwa umezimwa na mchuzi umetulia. Vikikutana na mchuzi unaotokota hukatika vikawa madonge.

"Lakini bila kidonge hakinogi"

Hili ndilo pingamizi linalorudi kuliko yote, na lina ukweli wake: ulimi uliozoea vidonge vya mchuzi huona chakula kingine kimepooza. Katika vidonge vingi karibu nusu ya uzito ni chumvi. Anayeweka viwili kisha akaonja na kuongeza chumvi ya kawaida amerundika chumvi juu ya chumvi kabla ugali haujasongwa. Asiyeweza kuacha kwa mkupuo aanze na nusu kidonge bila chumvi nyingine, apunguze baada ya wiki mbili. Ulimi hujifunza.

*"Presha na karanga haviendani."* Karanga zisizotiwa chumvi hazina kosa hapo. Zinazopandisha ni zile za kukaangwa kwa chumvi, na kiasi kinachopita kiganja. Vijiko vitatu kwa watu sita si kitu cha kuogopa.

*"Ngozi itolewe?"* Kwa mwenye lehemu nyingi, ndiyo, lakini itolewe baada ya kukaanga. Wakati wa kupika inalinda kidari kisikauke na inatoa mafuta yanayopunguzwa katika hatua ya nne. Kwa wengine, kipande chenye ngozi mara moja moja hakina neno.

*"Muda hakuna."* Kwa broila, kuanzia kupasha kikaango hadi kukamua ndimu ni kama saa moja, na karibu nusu yake mfuniko uko juu. Huo ndio muda wa kusonga ugali na kuchambua mchicha.

*"Nitumie mafuta yaliyobaki ya kukaangia samaki?"* Hapana. Yanaharibu mchuzi kwa harufu, na mafuta yaliyopashwa tena na tena hayafai kwa moyo.

Sahani: ugali ukae pembeni

Kuku akipikwa kwa afya kisha akapakuliwa na mlima wa ugali, kazi yote imekwenda bure kwa mwenye kisukari. Mpango rahisi wa kukumbuka: nusu ya sahani mboga za majani na kachumbari, robo ugali, robo kuku. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, imekuwa ikihimiza kwa miaka mlo wenye makundi yote ya chakula, na sahani hii inaufikia kwa tunda moja la ziada, papai au embe.

Kuna imani kwamba ugali wa dona, ulezi au mtama mgonjwa wa sukari anaruhusiwa kula apendavyo. Si kweli. Una nyuzinyuzi nyingi kuliko wa sembe na hushibisha upesi, lakini bado ni wanga, na kipimo kinabaki ngumi moja. Asipunguze wala kuacha dawa kwa sababu amebadilisha unga. Hilo ni la kuzungumza na daktari.

Ugali wa muhogo una tahadhari ya pekee katika mkoa huu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Tarime ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo, hasa kwa watu waliokosa protini. Muhogo mchungu uloekwe siku za kutosha na kuanikwa kabla ya kusagwa. Njaa isiwe sababu ya kukatisha siku hizo. Kuku, samaki na dagaa mezani humsaidia mlaji kwa namna nyingine pia: protini yake huupa mwili virutubisho unavyohitaji kuondoa sumu hiyo.

Mchicha upikwe dakika tatu tu, kwenye kijiko kimoja cha mchuzi wa kuku badala ya mafuta mapya. Mafuta hayo kidogo yanahitajika ili mwili uchukue vitamini A iliyomo kwenye majani. Kamulia ndimu. Na chai, iwe ya rangi au ya maziwa, isogezwe mbele kama saa moja, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kutoka kwenye mboga hizo. Ushauri huu ndio utakaopata wapinzani wengi kuliko wa kidonge.

Kikibaki

- Kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Siku ya joto kali, saa moja.
- Kwenye friji kiwekwe ndani ya vyombo vifupi vipana ili kipoe haraka, na kiliwe ndani ya siku tatu.
- Pasha kile tu kitakacholiwa, mpaka mchuzi utokote kweli. Karanga huganda zikipoa, hivyo ongeza maji vijiko viwili na ukoroge kutoka chini.
- Kisipashwe mara ya pili.
- Nyumba isiyo na friji ipike nusu kuku na kuacha nusu nyingine buchani, au ichinje siku ambayo watu wa kumla wote wapo.

Mifupa ya kienyeji iliyobaki kwenye sufuria ya kuchemshia bado ina kazi: ichemshwe tena kwa saa moja na tangawizi kidogo asubuhi yake, kabla haijachacha, na itatoa vikombe viwili vya supu ya kunywea viazi vitamu.